Nyumba ya Blanchard, kabla baridi haijaingia

Mdogo wangu Idi,

Wape baba na mama shikamoo zetu. Umeuliza hiyo Blanchard unayokuja kuishi ni mji au kijiji. Ni nyumba chache tu katikati ya mashamba ya ngano, soya na viazisukari, kaunti ya Traill, North Dakota. Ukiuona mnara wa televisheni wa KVLY ujue umefika; ulisimamishwa mwaka 1963 ukiwa na urefu wa mita 628, na nchi yote hii ni tambarare, hakuna cha kuuziba.

Hakuna meya wala diwani. Sherifu na mahakama viko Hillsboro, makao ya kaunti. Barabara kuu ni za jimbo, nyingine za kaunti, na zile za changarawe zinazopita mashambani ni za kitongoji. Greda za theluji nazo hufuata ngazi hizohizo, kwa hiyo wewe wa changarawe utafikiwa mwisho. Weka chakula na dawa za siku kadhaa. Barabara za mashambani zimepigwa mraba, kila maili moja njia panda, na zote zinafanana; kariri namba ya nyumba iliyo kwenye kibao, maana ukipiga 911, namba ya simu ya dharura, hiyo ndiyo watakayokuuliza.

Gesi ya kupashia nyumba joto iko kwenye tangi la nje la galoni 500, karibu lita 1,900. Hujazwa galoni 400 tu, kwa sababu gesi hiyo ya maji hutanuka ikipata joto, kwa hiyo usidhani umepunjwa. Mshale ukifika asilimia 30 piga simu, na usafishe theluji kutoka barabarani hadi kwenye tangi, la sivyo lori litageuza. Baada ya kila dhoruba kagua bomba la moshi ukutani. Likizibwa na theluji, mashine ya kupasha joto huzima, au hewa ya sumu hurudi ndani, nayo haina harufu. Kengele ya kuinusa sumu hiyo iwe na betri nzima.

Kinachowasumbua wageni zaidi ni chemba ya choo. Watu wa mjini watakuambia uache bomba lidondoshe maji usiku yasigande. Huku usithubutu! Matone hutembea polepole kwenye bomba la kwenda kwenye chemba, yanaganda tabaka juu ya tabaka, bomba linaziba, kisha uchafu unarudi bafuni. Afadhali ufungue milango ya kabati chini ya sinki, joto la nyumba liyafikie mabomba. Theluji iliyolala juu ya chemba ni blanketi lake: usiikanyage wala usipitishe gari, maana ikishindiliwa baridi hupenya chini zaidi. Nyasi za hapo ziache zirefuke tangu Septemba. Theluji ikichelewa, tandaza mabua ya ngano unene wa sentimita 20 hadi 30. Nyumba ikikaa tupu wiki mbili ndipo chemba huganda kirahisi, kwa kuwa hakuna maji ya moto yanayoingia.

Gari lina waya wenye plagi unaochungulia mbele, chini ya boneti. Ni hita ya injini; ichomeke kwenye umeme kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya kuondoka. Kulanti ya rejeta iwe nusu kwa nusu na maji. Ukikwama kwenye dhoruba, baki ndani ya gari, washa injini dakika kumi kila saa, na kabla ya kuwasha hakikisha ekzosi haijafukiwa.

Kazi ya kuendesha malori ya viazisukari huanza mwanzoni mwa Oktoba, usiku na mchana. Ila viazi vikifika joto la nyuzi 13 hivi, uvunaji husimamishwa, kwani vitaozea kwenye lundo. Baridi ikivigandisha, husimamishwa pia. Siku hizo hamna lori linaloondoka, wala malipo. Kwa hiyo usimwahidi mama tarehe ya kumtumia hela.

Sisi dada yako na shemeji yako