Mangi, huku nako kuna masika

Chamonix, Ufaransa
Jumanne, 19 Novemba

Mangi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi mzima, ila pua imegeuka bomba. Najua ungetaka nikupigie WhatsApp kama watu wengine, lakini mwenye nyumba amekata intaneti mpaka Desemba, na usiku wa huku ni mrefu kama ule wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni Kilimanjaro. Basi nimekaa na kalamu, utanisamehe mwandiko.

Nianze na aibu yangu. Siku naaga pale Kiboriloni nilijigamba kwamba naenda kuwaona wazungu wakiteleza kwenye theluji. Mangi, hakuna anayeteleza. Yule mgeni wetu mzee wa njia ya Machame, yule tuliyemshusha kutoka Stella Point tumemshika kwapa huku na huku, kanipa funguo za nyumba yake wiki tatu bure. Nikadhani ni wema mtupu. Wema upo, lakini pia ni Novemba, na Novemba hapa hata ya bure haina mteja. Nilishuka kwenye basi la kutoka Geneva saa kumi jioni nikakuta mtaa mzima wa maduka umefungwa. Kila mlango una karatasi imebandikwa kwa ndani: *fermeture annuelle*, yaani tumefunga kama tunavyofunga kila mwaka, tuonane Desemba. Mgahawa mmoja viti viko juu ya meza miguu juu, na paka amelala dirishani kama ndiye aliyeachiwa ofisi.

Nikasimama pale na begi langu nikacheka peke yangu. Hii si Moshi ya Aprili? Ofisi za safari zimefunguliwa nusu mlango, sisi magaidi, waongoza wageni, tumegeuka bodaboda, mahema yameanikwa kwenye kamba za nguo, na askari wa getini anasinzia kwa sababu leo hajaandikisha hata jina moja. Tofauti ni kwamba sisi tunafungwa na mvua. Wao wanafungwa na kitu cha katikati: theluji imeshaanguka juu, imeharibu njia za watembea kwa miguu, lakini haijajaa kiasi cha kuteleza. Juu hakufai, chini hakufai, mgeni aje kufanya nini?

Usije ukadhani mji wenyewe uko juu. Ni mita 1,035, tumewazidi kwa geti la Marangu. Umekaa kwenye bonde jembamba kama mtaro, mlima umeusimamia pembeni kama mama mkwe. Jua linachelewa kuingia na linawahi kutoka. Saa tisa na kitu kivuli kimeshavuka mto Arve na watu wanavaa kofia. Na Mont Blanc yao ni mita 4,800 na kidogo, juu kidogo tu ya Kibo Hut. Siku ya kwanza nilikenua. Siku ya pili mawingu yalipofunguka nikaona barafu inavyoning'inia juu ya nyumba za watu kule Les Bossons, nikafunga mdomo. Kibo unapanda kwa mapafu. Hapa bila kamba na vyuma vya miguuni hufiki.

Mahali penye uhai ni duka la mkate. Limebaki moja mtaani kwetu na saa moja asubuhi foleni imetoka nje. Hapo ndipo utawaona wenyeji wenyewe: mafundi wa paa, wapaka rangi Wareno, mama mmoja anayepita na mbwa wawili, vijana wa kupasua kuni. Kifaransa changu unakijua, ni cha mlimani: polepole, kunywa maji, kichwa kinauma? Jaribu kununua mkate kwa hayo. Asubuhi ya tatu yule mama wa dukani aliponiona akaanza yeye: *doucement, doucement*, yaani polepole, polepole, akaninyooshea mkate. Sasa ndilo jina langu hapa.

Na hapo hapo kwenye foleni ndipo kesi yetu ya miaka mingi ilipokatwa. Unalikumbuka jaketi langu la bluu, lile la mtumba la soko la Memorial? Kale kamfuko kadogo ka zipu kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiganja, ambako wewe ulisema ni ka sigara na mimi nikasema ni ka laini ya simu? Tumekosea wote. Mbele yangu kulikuwa na watu watatu, na wote watatu wana kamfuko kale kale, mkono ule ule. Nikamuuliza mzee wa nyuma yangu kwa Kiingereza. Akashika mkono wangu, akausogeza kwenye fremu ya mlango kama anayemfundisha mtoto, akatoa mlio: *bip*. Ni ka kuwekea kadi ya kupandia lifti za watelezaji! Huitoi, unapita tu karibu na mashine, geti linafunguka. Kwa hiyo lile jaketi lilianza kazi huku, au mji kama huu, mwenyewe akalichoka, likafungwa kwenye beli, likashushwa Memorial, likapanda Uhuru sijui mara ngapi na chapati ndani ya kile kimfuko, na leo limesimama kwenye foleni ya mkate kwao. Nimelifua kwa heshima.

Sasa habari uliyonituma, ya kebo, vile vibehewa vinavyopanda mlima kwa waya. Nilikwenda hadi stesheni ya Aiguille du Midi. Hakuna kibehewa, waya tu zimepanda kuelekea mawinguni. Novemba ndio mwezi wao wa matengenezo. Fundi mmoja alikuwa nje anavuta sigara, mikono imejaa grisi, Kiingereza chake kama Kifaransa changu, tukaelewana vizuri. Akaniambia abiria wanaona kibehewa lakini kazi yote iko kwenye waya: ile minene inayobeba uzito inabidi isogezwe baada ya miaka kadhaa, ili sehemu ile ile isiendelee kulalia chuma kile kile mpaka ilike. Kipande cha juu, Mangi, hakina nguzo hata moja. Waya umenyooka kutoka katikati ya mlima mpaka kwenye mwamba. Ilifunguliwa 1955. Unaingia hapa chini na dakika ishirini baadaye uko mita 3,842. Hiyo ni kambi yetu ya Shira! Sisi Shira tunawafikisha siku ya pili, wamechoka, wameshakula supu mara tatu, na tumeshawaambia polepole mara elfu.

Unakumbuka 2019 serikali iliposema inafikiria kuweka kebo Kilimanjaro, wewe ukiwa wa kwanza kupiga kelele mkutanoni? Nilitaka nione kama tulikuwa sahihi. Nimeona nusu kwa nusu. Magaidi wa huku hawakufa. Yule aliyepelekwa 3,842 kwa dakika ishirini akifungua mlango anakuta ukingo wa theluji upana wa meza, huku shimo na huku shimo, na hapo anamtafuta mtu wa kumfunga kamba. Wakati wa baridi wanawashusha watelezaji kutoka pale juu kwenye Vallée Blanche, kama kilomita 20 za barafu, na si mahali pa kwenda bila anayezijua nyufa. Kwa hiyo gaidi yupo. Lakini mgumu, yule mbeba mizigo wetu? Nimemtafuta, hayupo. Mizigo inapanda na waya. Kwetu mgeni mmoja anapanda na wagumu watatu wanne, kila mmoja na kilo 20 zake kichwani, na nyuma ya kila mmoja kuna ada ya shule. Ikija kebo, wewe na mimi tutabaki. Wao ndio watakaoondoka, na kwenye mkutano ule wao ndio hawakupewa kipaza sauti. Sisi nasi tulisema kwa niaba yao bila kuwauliza, tukubali.

Hilo likanipeleka kwenye nyumba ya magaidi, karibu na kanisa. Ndicho chama cha magaidi kikongwe kuliko vyote duniani, cha mwaka 1821. Na unajua kilizaliwa na nini? Msiba. Agosti 1820 mwanasayansi mmoja kutoka Urusi, Dk. Hamel, alipanda Mont Blanc na kundi la magaidi. Theluji ikaporomoka, watatu wakazikwa kwenye ufa wa barafu. Wageni wakarudi makwao. Familia tatu zikabaki bondeni bila kitu. Mwaka uliofuata wenzao wakaanzisha chama, na ndani yake mfuko: kila gaidi anatoa sehemu ya kipato, ukiumia au ukifa kuna kitu. Pia wakaweka zamu. Mgeni akija, anapewa yule aliye juu ya orodha, si mpwa wa mwenye ofisi. Zamu nayo ilikuwa na kasoro zake. Wapandaji hodari wa zamani walilalamika kwamba mtu analipia kilele kigumu anapangiwa gaidi asiyekijua. Lakini fikiria wewe, Machi mpaka Mei, hakuna wageni, na wachache waliopo wanagawanywa kwa daftari.

Wale watatu walirudi, Mangi. Barafu hutembea, wewe unalijua hilo, ila huku ilikuwa inashuka mpaka karibu na nyumba za watu. Mwaka 1861, miaka 41 baadaye, barafu ya Bossons ilianza kuwatema chini: mifupa, vipande vya nguo. Mmoja wa waliookoka siku ile alikuwa hai bado, mzee, akaitwa kuwatambua. Yeye amezeeka, wenzake wana umri ule ule. Nililala vibaya usiku ule.

Uwanjani katikati ya mji kuna sanamu mbili ambazo zingekufurahisha. Moja ni ya Balmat, mwindaji na mtafuta mawe ya thamani, mmoja wa wawili waliofika kilele cha Mont Blanc mara ya kwanza, Agosti 1786. Amesimama na tajiri wa Geneva, de Saussure, aliyekuwa ametangaza zawadi. Balmat ananyoosha kidole juu na tajiri anatazama. Mwenzake aliyepanda naye, Dk. Paccard, daktari wa hapa hapa kijijini, hayupo. Sanamu yake iko pembeni, amekaa peke yake anautazama mlima, na amewekwa 1986, miaka 200 ikiwa imepita. Nikamkumbuka Mzee Lauwo wa Marangu, yule anayesemwa kuwaongoza wazungu wa kwanza kufika kilele cha Kibo. Vitabu vilijaa wazungu hao, Hans Meyer na Purtscheller, mpaka sherehe za miaka 100, mwaka 1989, ndipo naye akatajwa. Ila tazama kioja: huku aliyesahauliwa ni msomi, na mtu wa porini ndiye aliyeota shaba. Sijaamua kama hiyo ni haki au ni kinyume chake.

Jumapili nilipanda Montenvers kwa miguu, karibu mita 900 za kwenda juu ndani ya msitu, miti fulani imegeuka rangi ya dhahabu na inadondosha majani kama sindano. Kuna treni nyekundu ya tangu 1909, lakini miguu yangu ilikuwa inawasha. Pale juu ndipo ilipo Bahari ya Barafu yao. Njia ya kuishukia ina vibao vya miaka: barafu ilifika hapa 1990, unashuka, unashuka, hapa 2010, unashuka tena. Yenyewe imelala chini kabisa, imefunikwa mawe, utadhani machimbo ya kokoto. Mwaka gani tulipita Furtwängler, barafu yetu ya Kibo, bado ni ukuta, na wewe ukampiga mgeni picha akiukumbatia? Pale kibao cha mwaka wetu kingesimama hewani. Mama mmoja wa Kijapani aliniomba nimpige picha kwenye cha 1990. Nikampiga, akasema asante, akashuka haraka haraka, nikajikuta namwambia *doucement*.

Haya. Mambo mawili ya kazi kabla sijalala. La kwanza, lile daftari la mchango wetu, nani anakaa nalo sasa? Tulianza kwa elfu mbili kila safari, tukaacha baada ya yule kijana wa Karanga kupona. Nipigie picha ukurasa wa mwisho uutume, nitaufungua kwenye duka la mkate, pale kuna intaneti. Nataka nijue wagumu wangapi waliandikwa, na kama kuna hata mmoja aliyekuwa anashika kalamu.

La pili mwambie shemeji taratibu. Zile soksi za sufu alizoagiza nimeziona, nzuri sana, nyekundu zenye mstari mweupe, ziko dirishani. Karatasi ya mlangoni inasema wanafungua tarehe 14 Desemba. Mimi naondoka tarehe 6.

Ni mimi mwenzio,
Doucement