Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, assalamu aleikum, na Bwana asifiwe.

Hesabu mtasomewa na mweka hazina. Langu ni kuwashukuru waliolipa ada mapema, maana nauli za kuwatembelea wagonjwa Likoni, Kisauni na Changamwe zilitoka humo. Muda uliobaki nauelekeza kwa jambo lililotushughulisha zaidi mwaka huu: kichocho kwa akina mama.

Wengi tumezoea kuuona kichocho ni ugonjwa wa watoto: mtoto akikojoa damu hupewa dawa, basi. Lakini minyoo yake, inayomwingia mtu kupitia ngozi akiwa kwenye maji ya mto au kijito, hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, na mayai yake, yenye mwiba nchani, hayatoki yote na mkojo. Mengine hukwama kwenye mlango wa kizazi na ukeni. Mwili huyazingira kwa chembe za kinga, zikiwemo CD4, ambazo ndizo VVU huzishambulia. Pahali hapo huvimba, huchubuka na kutoka damu upesi, na virusi hupata pa kupenyea.

Utafiti wa vijijini Zimbabwe, uliochapishwa 2006, ulikuta wanawake wenye kichocho cha uzazi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kuwa na VVU kuliko wasio nacho. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI, zilitaka magonjwa haya mawili yashughulikiwe pamoja, zikikadiria wanawake na wasichana milioni 56 Afrika wana kichocho hicho.

Kuna mama mmoja wa Kisauni aliyetibiwa magonjwa ya zinaa mara kwa mara, hadi mumewe akaanza kumshuku. Mhudumu wetu alipomuuliza utotoni walikuwa wakifua wapi, akataja kijito cha kwao, upande wa Msambweni. Muuguzi aliyempima kwa taa aliona mabaka ya manjano ya mchangamchanga kwenye mlango wa kizazi. Kilikuwa kichocho, wala si ugonjwa wa zinaa. Nasema wazi kwamba aibu aliyobebeshwa dada huyu iliniuma.

Dawa ipo, prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzani. Huua minyoo iliyokomaa, lakini mayai yaliyokwisha kukwama haiyatoi, kwa hiyo msichana atibiwe mapema. Kampeni za kugawa dawa hii shuleni huwaacha nje mama zetu. ARV, dawa za kudhibiti VVU, nazo haziui minyoo. Mtu asiache moja akidhani nyingine inatosha.

Kuhusu malaria nitasema moja tu: mjamzito mwenye VVU anayemeza septrini kila siku asiongezewe SP, dawa ya kuzuia malaria inayotolewa kliniki ya wajawazito. Wahudumu, wakumbusheni.

Naomba mkutano upitishe mawili. Fomu yetu ya kutembelea nyumba iongezwe swali: ulikulia wapi, na maji mlikuwa mkichota wapi? Pili, tuiandikie kaunti barua tukiomba prazikwanteli ipatikane kwenye kliniki za ARV. Rasimu ya barua iko kwa katibu.