Risala ya kikundi cha karate cha mtaa kwa mgeni rasmi, siku ya kupandishwa mikanda, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako,
Viongozi wa dini, wazazi, walezi na wageni waalikwa,

Mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima wa kukutana leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu mazito kule Mtumba na kuja kukaa nasi kwenye kiti cha plastiki. Kiti hicho tumekiazima, ila heshima tuliyokuwekea ni yetu wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Historia yetu ni fupi. Karate ilikulia Okinawa, mwalimu Gichin Funakoshi akaionyesha Tokyo mwaka 1922, na sisi tukaianza hapa mwaka 2014 tukiwa sita chini ya mkwaju. Ya katikati tunaomba utuwie radhi, ratiba inatubana. Leo tuko 47, kuanzia mtoto wa miaka saba hadi mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli, ambaye hapendi umri wake utajwe.

Mafanikio ni mengi. Tumetoa mikanda nyeusi miwili, mmoja ukiwa bado hapa Dodoma. Tumeonyesha kata, yaani miondoko ya karate inayofuatana kwa mpangilio, kwenye viwanja vya Nane Nane Nzuguni mbele ya umati mkubwa uliokuwa pia ukisubiri ngoma. Katika mashindano ya kirafiki tulishika nafasi ya tatu, nyuma ya vikundi viwili tu. Medali ya Olimpiki hatukuahidi, kwa sababu karate ilichezwa Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024 haikuwemo. Tunachoweza kukuonyesha ni tabia za watu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wengi hudhani tunafundisha kupigana. Mzazi mmoja alipoona watoto wamepiga magoti na kufumba macho, aliuliza kama hii ni dini mpya. Tulimkaribisha akae nyuma atazame. Alichokiona kinaitwa mokuso. Kila zoezi linaanza na kuisha kwa dakika tatu za kukaa kimya na kufuatilia pumzi yako. Akili ikitoroka unairudisha, kama unavyomrudisha mbuzi aliyeingia shamba la jirani, bila kumpiga. Waislamu na Wakristo wanakaa mstari mmoja, na kila mmoja anaondoka na dini aliyokuja nayo. Yule mzazi leo ni mweka hazina wetu.

Funakoshi alifundisha kwamba katika karate hakuna shambulio la kwanza. Kijana wetu wa bodaboda alizabwa kofi na abiria kwa ubishi wa shilingi mia tano. Jioni alitusimulia kwamba mkono wake uliinuka, akauona unavyoinuka, akaushusha. Kijiweni walimcheka wiki nzima. Sisi tulimpigia makofi, na leo anapanda mkanda wa bluu.

Yupo pia mama yetu anayeuza mboga Sabasaba. Zamani, kwa maneno yake mwenyewe, mkono ulikuwa kwenye mlenda, sikio kwenye simu, moyo kwenye deni la vikoba. Siku hizi akichambua mlenda, anachambua mlenda. Anasema hata wateja wameongezeka, ingawa hilo hatukulifanyia utafiti.

Na wapo watoto. Kata ya kwanza, Heian Shodan, ina miondoko 21. Mtoto anairudia miezi na miezi, na siku anapodhani ameimaliza, mwalimu anamwambia aanze kwa kuinama vizuri. Mtoto aliyezoea hivyo akipata alama 30 kwenye hesabu hachani karatasi. Anauliza alipokosea.

Sasa, Mheshimiwa, tufike kwenye kilichotuleta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hapo ulipoweka miguu, tafadhali tazama chini. Hiyo ndiyo sakafu yetu. Paa la bati na nguzo unazoziona zimetokana na michango ya wazazi, kila mwezi kidogo kidogo, kwenye kiwanja ambacho Serikali ya Mtaa ilituruhusu kukitumia. Lakini chini kumebaki udongo na changarawe. Tunafagia kila jioni, na ufagiaji huo tumeufanya kuwa sehemu ya mazoezi: kufagia kwa utulivu, ukijua kwamba unafagia. Upepo wa Dodoma nao unafanya mazoezi yake. Kufikia saa kumi na mbili vumbi limerudi mahali pake.

Tunawaambia watoto wapige magoti, watulie, wafuate pumzi. Mtoto anatulia, na kokoto inamng'ata gotini. Anavuta pumzi, anakohoa. Mvua za Desemba hadi Aprili zikija na upepo wa kando, maji yanaingia ndani na tunasimama kabisa, na kila tukirudi tunakuta wachache wameacha. Mwaka juzi mtoto wetu alitegwa mguu katika zoezi la kawaida, akaangukia kifundo cha mkono. Alipona, tunashukuru. Ila mama yake aliwaondoa watoto wake wote watatu, na hatukuwa na neno la kumjibu.

Tunachohitaji ni sakafu ya zege ya mita kumi kwa kumi na tatami za kutandika juu yake, yale magodoro magumu yanayoungana kwa meno. Uwanja wa mashindano ni mita nane kwa nane, hivyo vipande 64 vya mita moja moja vinatosha. Mchanga, kokoto, maji na nguvu kazi wazazi wamekwisha kujiandikisha. Tumekwama kwenye mifuko 70 ya saruji na hizo tatami.

Mheshimiwa, ombi hili si geni, na kwa heshima zote hatuwezi kulisoma kana kwamba ni geni. Mgeni rasmi wetu wa mwaka 2019 alituahidi saruji. Tulipiga makofi. Wa mwaka 2022 aliahidi tatami, akafafanua kwamba zitakuja sakafu ikiwa tayari. Tulipiga makofi pia. Wa mwaka 2023 alifika mwenyewe kukagua, akapima eneo kwa hatua zake na kupiga picha. Picha tunayo. Ankara kifani tulizompa wakati ule tumezibadilisha mara mbili, kwa sababu ahadi haipandi bei lakini saruji inapanda. Uvumilivu ndilo somo letu la kwanza, Mheshimiwa, na tunaamini tumekwisha kulifaulu.

Tumeshauriwa pia tuombe mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri. Tunaishukuru Serikali kwa mikopo hiyo, nne ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Lakini mkopo hurejeshwa kwa mapato, na kukaa kimya hakuna mapato. Mchanganuo wa biashara tulijaribu kuuandika. Tuliishia kwenye kichwa cha habari.

Kama yote mawili ni mazito, tunaomba saruji peke yake. Kwenye zege tutakalia mikeka yetu ya ukindu, na vumbi tutakuwa tumelifunika.

Hatuombi utoe ahadi hapa kwenye kipaza sauti. Bahasha ya kaki yenye ankara za maduka matatu iko kwa Katibu, pamoja na daftari la wageni. Ukipenda, andika humo tarehe tu. Ukurasa una nafasi, chini ya zile tarehe tatu za nyuma.

Tunaomba kuwasilisha.