Sanduku la timu sitampa wakili wako

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe nikituma unajibiwa na wakili, anayetaka sanduku la karatasi za timu yetu. Basi nimekuja huku, maana najua lolote linaloandikwa mtandaoni kukuhusu vijana wako wanakuonyesha kabla hujamaliza chai. Na wewe ndiye uliyeanza kuyasema ya nyumbani hadharani.

Ile video ya mahafali nimeitazama yote. Joho limekukaa. Chuo chako hakikukosea kukualika, maana mtoto aliyetoka kwetu migombani kusimama mbele ya wahitimu akitambulishwa kama mmiliki wa timu ya mpira si jambo dogo. Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Akasema umekonda. Akauliza hiyo tai umefungwa na nani. Tulikuwa na furaha mpaka uliposema, "Mimi nilianza na sifuri," vijana wakapiga makofi. Mama akanirudishia simu, akaenda jikoni kuchochea moto.

Sifuri ipi, mdogo wangu?

Daftari la mfuko wa timu lipo. Lile la jalada gumu, ambalo Baba aliandika kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Fungua mwaka ule ulipoenda chuo. Kati ya "machungwa ya mapumziko" na "kushona nyavu" kuna mstari unaosema: "Nauli ya Dar na godoro la mwanafunzi." Chini yake kuna saini za kamati nzima. Ile ilikuwa pesa ya gari la kwenda kucheza Kyela. Timu haikwenda Kyela, wapinzani wakapewa pointi za mezani, na sikusikia mchezaji hata mmoja akinung'unika. Beki wetu wa kushoto ndiye aliyelibeba godoro kichwani mpaka stendi ya Tukuyu, limefunikwa nailoni, mvua inamwagika kama inavyomwagika kwetu. Wewe ulikuwa nyuma yake na begi la Baba. Unalikumbuka begi, kwa sababu uliliulizia siku ya kugawa vitu vya marehemu.

Sisemi hukufanya kitu. Nikisema hivyo nitakuwa mwongo, na Baba hakutulea kwa uongo. Uliporudi na malori yako yanayopita Tunduma, timu ilikuwa inakufa. Ada ya ligi hatuna, viatu wanapokezana, refa anadai posho yake mlangoni kwa Katibu. (Mnaosoma, Katibu ni Baba, kwetu hata watoto wadogo walimwita hivyo.) Ulilipa madeni. Ukaleta kocha mwenye leseni. Vijana wakaanza kupata mshahara badala ya nauli na sahani ya wali. Siku mlipopanda daraja nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na ulinikumbatia pale kwenye mstari wa kona ukiwa umelowa, ukaniambia, "Dada, Katibu ameona?" Alikuwa ameona. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya mwavuli, analia.

Kwa hiyo usiwaambie watu kwamba dada yako ana wivu.

Nilichokataa ni kingine. Ulibadili jina bila mkutano. Ulibadili njano ikawa bluu kwa kuwa malori yako ni ya bluu. Kisha ukaihamishia timu mjini Mbeya, ukisema kule kuna kiingilio na kwetu uwanja una mteremko. Mteremko ni kweli upo. Ndio uliokufundisha kupiga krosi.

Ukamwambia Baba kwamba timu za vijijini hazina maisha. Yeye aliyekuwepo mwaka 1986, Tukuyu Stars wanachukua ubingwa wa Tanzania Bara, mji mdogo huu wa chai na migomba umezipita Simba na Yanga! Alikusimulia hayo tangu ukiwa unasoma darasa la pili. Na mji nao si kinga ya kitu. Msimu wa 2013/14 Mbeya City walipanda Ligi Kuu, timu ya halmashauri ya jiji, wakamaliza wa tatu msimu wao wa kwanza. Tulikwenda wote uwanja wa Sokoine, Mbeya, siku Azam wanatangaza ubingwa mbele yetu, na njia nzima ya kurudi ulikuwa unazungumza habari ya zambarau, jinsi watu walivyovaa zambarau kuanzia Mwanjelwa mpaka uwanjani. Ulisema, "Dada, rangi ndiyo timu." Ni wewe uliyesema. Mwaka 2023 Mbeya City wakashuka, na watu hawakuivua ile rangi, na timu ilipopanda tena waliikuta.

Sasa tazama Mbarali. Tarehe 29 Novemba 2022 Ihefu, timu ya huko, waliwafunga Yanga 2-1 pale uwanja wa Highland Estates, Ubaruku, wakawakatia safari ya mechi 49 bila kupoteza. Nchi nzima ikajifunza kutamka Ubaruku. Haukupita muda mrefu, timu ikahamia Singida, na leo inaitwa Singida Black Stars. Waliofanya hivyo wana hesabu zao, na mimi sikuwemo kwenye vikao vyao. Ninachojua ni kwamba mkulima wa mpunga aliyeiona mechi ile akiwa amesimama kwenye mguu wa goli, leo akitaka kuiona timu hiyo anakwenda banda umiza la televisheni na kulipa. Hicho ndicho unachotufanyia. Kule ilikuwa timu ya Ligi Kuu, na sisi hata huko hatujafika.

Kwenye hotuba yako uliwataja matajiri wawili. Nikaona nikae nisome habari zao, maana hukunisomesha wewe lakini kusoma najua.

Wa kwanza ni Mo Dewji. Ni kweli amesoma Georgetown kule Marekani, ni kweli mwaka 2017 alishinda zabuni ya kuwekeza Simba kwa shilingi bilioni 20. Lakini hukuwamalizia vijana wale. Simba waliitisha mkutano mkuu, wanachama wakakaa, wakapiga kura. Na serikali ikaweka mpaka, kwamba klabu ya wanachama asilimia 51 inabaki kwa wanachama, mwekezaji haruhusiwi kuvuka 49. Simba, yenye mashabiki nchi nzima na mwekezaji mwenye viwanda, ilipitia mlango huo. Wewe unataka kupitia dirishani kwa wazee wa kamati wanaosaini kwa kidole gumba.

Wa pili ni yule Mmarekani, Robert Kraft, mhitimu wa Columbia, mwenye New England Patriots, timu ya mpira wa Kimarekani. Uliwatajia vijana bei, dola milioni 172 mwaka 1994, ukumbi ukaguna. Mbona hukuwaambia habari ya milioni 75? Huyo mzee alikuwa shabiki mwenye tiketi ya msimu tangu 1971, anakaa jukwaani na watoto wake. Akanunua uwanja kwanza, mwaka 1988. Mwenye timu wa wakati huo akawa anataka kuihamishia St. Louis, na kilichomzuia ni mkataba wa uwanja. Akamwekea Kraft dola milioni 75 mezani auvunje. Kraft alikataa. Akaona bora ainunue timu kwa bei ambayo mchezo ule ulikuwa haujawahi kuiona, kuliko aione inaondoka. Baadaye naye alishawishika, mwaka 1998 akakubaliana na jimbo la jirani kuipeleka Hartford, na mwaka uliofuata akajitoa, timu ikabaki palepale. Mfano uliochagua mwenyewe unakusuta, mdogo wangu.

Tuje kwenye msiba. Ndugu wote wanauzunguka, mimi nimechoka kuuzunguka.

Jeneza lilikuwa sebuleni, limefunguliwa upande wa uso. Wanaume wapo nje chini ya turubai, sisi ndani, mchungaji ameanza sala. Ndipo ikasikika ile ndege ndogo ya kupiga picha, inavuma juu ya migomba, inashuka, inapanda, na mchungaji akalazimika kupandisha sauti. Ukaingia na wachezaji, wote bluu, jina la kampuni kifuani. Sikukasirika bado. Nilijiambia umekuja kumzika baba yako mdogo, aliyekulea tangu baba yako alipofariki, na kila mtu analia kwa namna yake.

Kijana wako wa kamera akamgusa mama begani. "Bibi, samahani, unaziba."

Mama akasogea. Kwenye msiba wa mume wake, ndani ya nyumba yake, mama aliyekukanda kwa maji ya moto ulipovunjika mkono, alisogea hadi ukutani akasimama karibu na kabati la vyombo, kanga imemteleza kichwani. Wewe ulikuwa hatua chache tu. Ulisikia. Kisha ukaitandaza jezi ya bluu kifuani kwa Baba, ukainama, ukabaki umeinama. Nilikuwa upande wa miguu, nilikuona vizuri. Kabla hujainuka ulimtazama mpiga picha, naye akakuitikia kwa kichwa kwamba imetosha.

Machozi yako yalikuwa ya kweli, sibishi. Lakini ulisubiri uambiwe imetosha.

Ndiyo, mimi ndiye niliyeiondoa ile jezi. Sikuitupa. Wanaosema niliitupa walikuwa nje. Niliikunja, nikaiweka juu ya kabati, nikamvika Baba ile ya njano, namba 6, ambayo rangi ya mafuta ya namba imebanduka mpaka ikabaki kama herufi, kwa kufuliwa mtoni Kiwira na sabuni ya mche. Aliyekuwa akiifua ni mimi. Tangu nikiwa binti mdogo, kila Jumatatu baada ya mechi, maji ya baridi yanayouma mifupa, jezi zote na soksi zake, na hakuna aliyeniandika kwenye orodha ya wachezaji wala ya viongozi. Sidai malipo. Nasema tu kwamba nilikuwa na haki ya kujua Baba anazikwa na rangi gani. Shangazi anasema ningengoja wageni waondoke. Wageni wangeondoka, kaburi lingekuwa limefukiwa.

Baada ya matanga ndipo wakili akaanza. Anataka cheti cha usajili, katiba na daftari la wanachama, viende kwa Msajili wa vilabu vya michezo, timu iandikwe upya kama mali ya kampuni. Ameniambia kwa adabu kwamba karatasi hizo ni "mali ya taasisi". Sawa. Na taasisi ni wale watu waliomo kwenye daftari, pamoja na warithi wa waliotangulia. Baba alinikabidhi ufunguo wa sanduku lenye karatasi hizo kabla hajalazwa akasema, "Usimpe mtu mmoja." Hakutaja jina lako. Angetaka nikupe wewe angesema, ulikuwa unampigia kila wiki, aliongea na wewe hata siku ile presha ilipopanda.

Nikushauri kama dada: itisha mkutano. Pale pale uwanja wa shule, siku ya Jumapili baada ya ibada, watu watakuja. Omba asilimia zako 49, mimi mwenyewe nitanyoosha mkono kukupa, maana fedha uliyoweka inaonekana. Jina lirudi. Njano irudi, hata kama mkono mmoja utabaki wa bluu kwa heshima ya malori yako. Mechi za ligi chezeni Sokoine kama kanuni za uwanja zinadai hivyo, lakini mazoezi ya kabla ya msimu yawe nyumbani, watoto wawaone. Fanya hivyo, na sanduku nitalibeba mwenyewe kichwani mpaka uwanjani. Usipofanya, usinitumie watu wa kuniambia familia inachekwa. Familia haikuchekwa nilipokuwa nafua. Haikuchekwa tulipokosa kwenda Kyela. Mimi sijachukua kitu cha mtu. Nimekaa tu juu ya nilichopewa nikilinde, na kama huo ndio ukaidi basi nimeurithi kwa yule aliyekupa nauli.

Dawa ya presha ya mama ile ya asubuhi inakwisha, na ya duka la Tukuyu si ile aliyoandikiwa. Ukija pitia Mbeya uinunue, karatasi ya daktari nimekutumia, hiyo angalau usimpe wakili. Anakuulizia. Ameniambia nisikuandikie kwa ukali, nimejitahidi. Ndizi za kuiva zipo, na chumba chako hakijalaliwa na mtu.

Jambo moja zaidi kabla ya huo mkutano. Yule kipa mliyemwacha alipoumia goti yuko kwao Kiwira, anatembelea gongo, na mshahara wake wa miezi ya mwisho hajaupata. Mama yake alikuja kwangu akidhani mimi nina sauti kwenye timu. Mlipe kwanza, na hospitali ulipe. Naye ni mwanachama, jina lake limo kwenye daftari, na akisimama siku hiyo kuuliza mbele za watu, mimi sitamwambia akae.

Dada yako