Kaka, Mama tulimzika siku za bamvua

Kaka,

Simu yangu hupokei. Basi nakuandikia hapa, na wengine wasome.

Nilikuja kwako Ozi, pwani ya Kenya, siku tatu za basi, maneno yangu nikiwa nimeyapanga. Alfajiri ukanipeleka shambani. Bahari ilikuwa inajaa, imeusukuma mto Tana nyuma hadi umevimba ukingoni. Ukanieleza: maji ya chumvi ni mazito, hutambaa chini, ya mto huelea juu, na saa hiyo ndipo mfereji hufunguliwa ili yale ya juu yaingie kwenye mpunga. Ukachota kwa kiganja, ukaonja, ukatema. Ukaziba mfereji kwa udongo, na njia nzima ya kurudi hukusema neno.

Ulivyoonja, Kaka, ulikuwa Mama mtupu. Umesahau alivyotukataza kuchota maji ya chai upande wa ziwa? Hapa kwetu Wanseko, Uganda, mto Nile unaingia Ziwa Albert kisha unatoka karibu hapohapo, na ziwa lina chumvichumvi kuliko mto. Yeye ulimi wake ulijua mto unakomea wapi.

Nilikuonea huruma, usidhani sikukuonea. Mabwawa ya juu ya Tana, Masinga na mengine, yameshika maji. Mto ukipungua, bahari inapanda. Miembe ya wakwe zako nimeiona imesimama mikavu. Mpunga wa wifi ndio sahani ya watoto.

Lakini Mama alipofariki ulisema, "Siwezi kutoka, ni bamvua." Bamvua, yaani bahari kujaa kupita kawaida, ambalo huja mwezi ukiandama, likaja tena mwezi ukiwa mpevu!

Unawaambia watu sikukungoja. Ningengoja vipi, wazee walikwisha kuchimba? Niliwaambia unaumwa. Nilisema uongo mbele ya jeneza kwa ajili yako. Na 2020 ziwa lilipopanda likakaribia kaburi, nani alijaza mifuko ya mchanga usiku? Mimi na wanangu. Pesa ulituma, ndizo zilizonunua mifuko, hilo silikatai.

Rudi nyumbani, Kaka. Muziri na ragoge, samaki wetu wadogo, bado tunavua kwa taa, na mtumbwi wa Baba nimeutunza. Sikuuza, hata waliponiita mjinga nilipokosa ada ya shule.

Mwezi ukiwa nusu maji ya huko huwa mafu, mfereji huugusi. Panda basi siku hiyo. Nitakuwa mwaloni, penye mitumbwi.

Dada yako