Mjomba, naomba ufunguo wa ile kufuli

Mbukwenyi Mjomba, na shikamoo.

Nakuandikia hadharani, bila kutaja jina lako wala kijiji, kwa sababu simu yangu siku hizi huipokei. Tena najua boma lako si la peke yake hapa Dodoma lenye kijana aliyefungwa nyuma ya nyumba.

Siku ya arobaini ya bibi nilizunguka nyuma kutafuta maji, nikamkuta binamu yangu chini ya mwarobaini, mguuni ana mnyororo wa ng'ombe, kifundo kimechubuka. Alinisalimia kwa jina. Akaniuliza kama treni ya umeme imeshafika Dodoma. Nikamwambia inafika, tangu mwaka 2024. Akasema, "Basi siku moja nitaipanda."

Nilipokufuata kuhusu kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, ulinijibu neno moja tu: "Unataka nimpeleke Mirembe? Huko mtu harudi." Sikuwa na la kusema. Nimekaa na neno lako miezi hii, nikasoma, na nilichokikuta ni kwamba woga wako haukutoka hewani.

London kuna hospitali inaitwa Bethlem, ilianzishwa mwaka 1247. Katika karne ya 18 watu walikuwa wakiingia kuwatazama wagonjwa kama sisi tunavyokwenda kutazama simba mbugani, wakitoa na vijisenti mlangoni. Mwaka 1814 wakaguzi walimkuta humo James Norris, baharia kutoka Marekani. Shingoni alikuwa na pete ya chuma iliyounganishwa na nguzo, kiwiliwili kimebanwa kwa vyuma, na alikuwa amekaa hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Waliomkuta walishangaa, maana aliongea nao vizuri, akieleza habari za siasa na vitabu alivyosoma. Alifunguliwa, lakini hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Niliposoma habari zake nilikumbuka swali la treni, nikafunga simu kwanza.

Ufaransa walikuwa wametangulia kidogo. Vitabu vingi vinamsifia daktari Philippe Pinel kwamba ndiye aliyewafungua wagonjwa wa Bicêtre, Paris. Ukichimba zaidi unakuta aliyewavua wanaume wa pale minyororo mwaka 1797 ni Jean-Baptiste Pussin, ambaye hata daktari hakuwa. Aliingia Bicêtre akiwa mgonjwa wa tezi za shingo, akapona, akabaki kama mhudumu. Aliajiri wagonjwa waliopata nafuu wawalinde wenzao, akawakataza wahudumu kupiga mtu. Wenye fujo bado walivishwa shati la mikono mirefu inayofungwa mgongoni, kwa hiyo si kwamba walifika peponi. Lakini mnyororo ulitoka.

Halafu yakaja matibabu ambayo mengine yalikuwa mabaya kuliko ugonjwa. Hili litakuchekesha: mwaka 1917 daktari wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, aliwachoma wagonjwa damu yenye malaria makusudi! Walikuwa na kaswende iliyopanda kichwani, na homa kali ilisaidia kuizuia; baadaye wanapewa kwinini. Wengine walipata nafuu, wengine malaria iliwaua. Mwaka 1927 akapewa Tuzo ya Nobel. Sisi tunaohangaika na vyandarua, wenzetu walikuwa wanaagiza malaria kama dawa. Egas Moniz wa Ureno naye alipata Nobel, mwaka 1949, kwa kuanzisha upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo. Maelfu walifanyiwa. Fujo ziliisha kweli, lakini kwa wengi utu nao uliondoka pamoja nazo.

Kwetu mambo yalianzia Lutindi, kule Usambara. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa na kituo cha watoto waliotolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Waingereza wakajenga Mirembe, hii hospitali ya Dodoma, miaka ya 1920. Pembeni yake ikawepo Isanga, ya waliotenda makosa wakiwa hawana akili timamu. Ndiyo maana mababu walichanganya hospitali na jela: aliyemchukua mtu alikuwa askari, si nesi. Na mpaka leo mtu akivaa kandambili za rangi mbili anaulizwa ametoroka Mirembe lini. Hata mimi nimeshatania hivyo. Nimeacha.

Kilichogeuza mambo ni kidonge. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kuwapa wagonjwa klorpromazini, na watu waliokuwa wakipiga kelele miaka na miaka wakaanza kukaa na kuongea. Sikufichi, dawa hizo zina kero zake: mate, mikono kutetemeka, mwili kukakamaa, usingizi. Ukiyaona hayo mwambie daktari apunguze au abadilishe. Usiikatishe wewe kimyakimya, kama tulivyofanya mara ile kwa sababu kijana "ameshapona". Baadaye zikaja sindano za kuchomwa mara moja kwa wiki kadhaa, zinazowafaa wanaosahau vidonge. Na baada ya uhuru nchi yetu ilianzisha vijiji ambako wagonjwa waliopata nafuu walilima na kufuga, wakijiandaa kurudi kwao.

Kurudi, Mjomba. Hapo ndipo neno lako linaponichoma. Wapo wanaopata nafuu wakakosa pa kwenda, kwa sababu ndugu walishagawana shamba, au waliacha namba ya simu isiyopatikana. Wa kwetu akienda na asirudi, nani atakuwa amemzuia?

Yule mganga sitamgusa, ulikwishampa mbuzi wawili na ni mambo yako na yeye. Mwambie tu asimnyime chakula tena.

Nakuja Jumamosi kwa basi la kwanza, nikiwa na shati safi na viatu vya namba tisa. Usimdanganye kwamba tunakwenda harusini. Mwambie tunakwenda hospitali, na kwamba mimi nitalala mjini hukohuko na kumtembelea kila jioni. Shangazi achemshe maji ya kuosha kile kidonda. Na ufunguo uwe mfukoni mwako, tusianze tena kuutafuta.

Mpwa wako.