Tani za Bandari ya Mtwara, nyingi ni maganda

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa korosho magazeti yetu hujaa habari za Bandari ya Mtwara: meli zimepanga foleni, makuli wanakesha, tani zimeongezeka. Sisi tunaoishi huku tunafurahi, maana mji unachangamka. Mama lishe anauza, bodaboda hakosi abiria. Msimu ukiisha, lile gati jipya la mita 300 linabaki likitazama bahari.

Lakini hizo tani ni za nini hasa? Katika kilo nne za korosho ghafi, mbanguaji hupata takribani kilo moja ya korosho karanga. Kilichobaki karibu chote ni ganda. Kwa hiyo shehena tunayojivunia nyingi ni maganda yanayosafirishwa hadi India na Vietnam, na nauli yake mnunuzi ameshaipigia hesabu kabla hajataja bei mnadani. Huko ndiko wanakobangua, wanakokamua mafuta ya ganda ya viwandani na kuajiri watu wao. Tukibangua wenyewe, tani za bandari zitashuka. Na zishuke!

Najua nitaambiwa viwanda vilishajengwa vikafa. Kweli. Miaka ya 1970 serikali ilijenga kwa mikopo viwanda vikubwa vya kubangua, wakati huohuo uzalishaji ukaanza kuporomoka, mashine zikakosa korosho. Baadaye vikauzwa, na vingine vikageuzwa maghala ya kuhifadhi korosho ghafi. Ila kisingizio cha kukosa korosho kilishakwisha: msimu wa 2017/18 pekee nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Tatizo la sasa ni mtaji. Mnada ni wa wiki chache, na mbanguaji wa hapa hutakiwa kununua mzigo wa kumtosha mwaka mzima, akishindana na msafirishaji anayenunua leo na kupakia kesho. Mkopo wa riba nafuu unaolipwa kadiri karanga zinavyouzwa ungemsaidia kuliko hotuba.

Matokeo ya kukosa viwanda huku yanaonekana Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo, ya 2022 ikahesabu 5,383,728, karibu mara mbili ya watu wa Mtwara na Lindi kwa pamoja. Miongoni mwao wamo vijana wetu. Gesi yetu ilitangulia kwa bomba mwaka 2015, wao wakafuata kwa basi. Siwalaumu. Kijana hawezi kuoa kwa kazi ya kubeba magunia miezi mitatu. Kiwanda cha kubangua kina kazi mwaka mzima mradi ghala lake limejaa, na wanaoajiriwa wengi ni wanawake, ambao bandarini hawana nafasi zaidi ya kupika.

Kongani ya viwanda ya Maranje, yaani eneo la pamoja la viwanda vya korosho hapa mkoani, imetajwa sana, nami naiombea heri. Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Msimu ujao mwandishi wako akija kuhesabu meli, aulize pia ni tani ngapi zimebanguliwa kabla ya kupakiwa, na aichapishe namba hiyo pembeni ya ile kubwa.

Msomaji wenu,
Mtwara